Kuridhika kwa Mkristo ni somo la kujifunza, si kipaji: tujadili namna ya kulisoma

#1 MwalimuWaJioni (mleta uzi)

Nawasalimu kwa lugha za kwetu: kamwene wa Iringa na Njombe, mugonile wa Rungwe na Kyela. Kuna uzi mwingine humu watu wanabishana kama Mkristo anaruhusiwa kulalamika bei ya mahindi ikianguka. Nimeona nifungue huu pembeni, maana kule wamechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja: kuridhika, kukata tamaa, na uvivu.

Anzeni na Wafilipi 4:11-12. Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo", kisha mstari unaofuata, "nimefundishwa kushiba na kuona njaa". Hajasema nimejaliwa, wala hajasema ndivyo nilivyozaliwa. Neno la Kiyunani lililofasiriwa "nimefundishwa" lilitumika kwa mtu anayeingizwa kwenye siri za ibada, kama kwetu mtu anavyopitishwa jandoni. Kuna kuingizwa, kuna wa kukuingiza, na kuna muda wake. Na aliyaandika akiwa kifungoni, zama ambazo mfungwa alitegemea sana jamaa na rafiki wamletee chakula.

Angalieni pia kwamba somo lina pande mbili, kushiba na kuona njaa. Huku kwetu pande hizo zinakuja kwa kalenda. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni mpaka Agosti ghala limejaa. Januari hadi Machi ada ya shule, palizi na mbolea ya kukuzia vinabisha hodi wiki moja, na debe la mahindi limepanda bei. Kwa hiyo darasa lipo kila mwaka, halihitaji kusubiri msiba.

Namna ya kulisoma, kwa jinsi nionavyo:

Kwanza, weka kiasi kabla ya kuvuna. Mithali 30:8 inaomba usipewe umaskini wala utajiri, bali chakula cha kadiri yako. Asiyejua kadiri yake hawezi kuomba ombi hilo. Fanya hesabu: mtu mzima gramu 350 za unga kwa siku ni kama kilo 128 kwa mwaka, na mtoto mpe nusu yake. Baba, mama na watoto wanne ni kilo 511. Andika magunia 6 ya kilo 100, kwa sababu wageni wapo na kukoboa kunapunguza. Ongeza mtaji wa msimu ujao: kwa ekari moja ya mahindi, mbegu kilo 10, mfuko mmoja wa mbolea ya DAP ya kupandia na mmoja wa Urea ya kukuzia. Ongeza ada. Hapo umepata namba. Kinachozidi hapo ni ziada, na kinachopungua ni upungufu wa kweli unaoweza kuutaja kwa Mungu na kwa watu. Bila namba, kila mavuno ni madogo, hata magunia 80.

Pili, shukuru kwa majina. "Asante Mungu kwa yote" haifundishi moyo kitu. Daftari, mistari mitatu kila jioni, usirudie cha jana, na kila mstari uwe na kitu pamoja na mkono kilikopitia: "Jirani ameazimisha jembe la ng'ombe hadi Jumamosi." Baada ya wiki mbili hivi vya wazi vinakwisha, ndipo macho yanalazimika kutafuta. Wengi huacha hapo. Usiache, ndipo somo linapoanza.

Tatu, omba. Wafilipi 4:6 inaweka kushukuru na kuomba haja kwenye sentensi moja. Mtu anayejizuia kuomba ili aonekane ameridhika amejifunza kunyamaza tu.

Nne ni kutoa, nitarudi kwake. Karibuni.

#2 BajajiMwanjelwa

Mwalimu, mbona umekwepa mstari wa 13? "Nayaweza mambo yote" ndiyo imeandikwa kwenye vioo vya bajaji na daladala nusu ya jiji hili la Mbeya. Watu wanauelewa kama ahadi ya kununua bajaji ya pili.

#3 MwalimuWaJioni

Sijaukwepa kaka, nilikuachia wewe mwenye kioo. "Mambo yote" ya mstari wa 13 ni yale yale ya mstari wa 12: kudhiliwa na kufanikiwa, kushiba na njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Maana yake ni kwamba bajaji ikikamatwa au ikinunuliwa, sivunjiki wala silewi. Ukiutoa kwa majirani zake unakuwa hirizi.

Tena soma wa 14: "Lakini, mlifanya vema". Anawashukuru Wafilipi kwa msaada ulioletwa na Epafrodito, mjumbe wao. Hapo ndipo anapoachana na wanafalsafa wa Kistoa, waliolipenda neno hilo hilo la kujitosheleza. Kwao mwenye hekima hahitaji mtu. Paulo anatoshelezwa na mwingine, ndiyo maana haoni aibu kupokea mzigo wa wenzake. Neno la ukoo huo huo liko 2 Wakorintho 12:9, "Neema yangu yakutosha". Kule aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka.

#4 MzeeWaGhala

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mleta uzi amesema vema juu ya kiasi ila amepita haraka kwenye ghala, na nyumba nyingi huku zinapoteza amani hapo hapo. Mtu ameridhika Julai, Januari anafungua gunia anakuta unga wa dumuzi. Msimwite huyo mtu wa imani haba.

Wapo wanaohubiri kwamba kuweka akiba ni kukosa kuridhika, wanatoa mana ya Kutoka 16 iliyoingia mabuu. Someni sura yote. Iliyooza ni ile iliyowekwa kinyume cha agizo. Siku ya sita waliokota maradufu, pishi mbili kwa kila mtu, wakaiweka hadi Sabato na haikunuka. Yusufu naye alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri miaka saba. Tajiri wa Luka 12 hakuitwa mpumbavu kwa kuwa na ghala. Alizungumza na nafsi yake peke yake: mazao yangu, ghala zangu, vitu vyangu. Hakuna Mungu wala jirani kwenye mazungumzo yale, na hakuwa na namba ya kumwambia basi.

Sasa kazi yenyewe. Anika kwenye turubai, usianike juu ya udongo. Kupima ukavu bila kipimo: chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja, jaza punje hadi theluthi, funika, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikianguka chini yote, yamekauka kiasi cha kuhifadhi, chini ya asilimia 15 hivi ya unyevu. Tia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu. Kagua tabaka mbili za ndani kwa kuzijaza hewa na kuzikamua, uone kama zinavuja. Jaza, kamua hewa yote, funga kila tabaka kwa kamba yake. Pandisha juu ya mbao, mbali na ukuta. Usifungue kila wiki kuchungulia! Kila ukifungua unawapa wadudu hewa ya kupumua. Kuna watu wanachungulia ghala kama wanavyochungulia salio la simu, na sidhani ni wadudu wanaowatafuta.

#5 DadaWaMajaniMabichi

Asanteni kwa darasa la mahindi. Lakini mnaongea kama kila mtu ana shamba. Yupo anayechuma chai Mufindi kwa ujira wa kilo, yupo anayebeba magogo misituni Sao Hill. Akichelewesha mshahara tajiri, mahubiri yanayomfuata kibarua ni haya haya: "ridhika, Paulo aliridhika." Mbona hamjawahi kumhubiria tajiri Wafilipi 4? Luka 3:14 mnaipenda sana, "mtoshewe na mishahara yenu". Ipi, ambayo haijalipwa?

#6 KatekistaKilolo

Dada yangu umegonga penyewe, tena Luka 3:14 inakusaidia wewe. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari, watu wenye mikuki waliokuwa wakiwakamua raia. Sentensi inaanza kwa "msidhulumu mtu". Ukimpelekea kibarua nusu ya pili peke yake umelikata Neno.

Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kelele hiyo Mungu haiiti manung'uniko. Na 1 Wakorintho 7:21 Paulo anamwambia mtumwa asihuzunike, lakini akiweza kuwa huru, autumie uhuru huo. Mambo yote mawili kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kibarua aliyeridhika anadai, ila anadai bila kuoza ndani. Kwa vitendo: andika tarehe na kilo ulizopima kila siku kwenye daftari lako, usitegemee la msimamizi peke yake. Tunza karatasi zote za malipo. Peleka dai kwa maandishi, baki na nakala. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba moja. Muda ndio unaowaangusha wengi: kuachishwa kazi ni siku 30 tangu tukio, migogoro mingine kama malimbikizo ya mshahara ni siku 60. Kuna watu wamekaa miezi sita "wakimwachia Mungu" na mlango ukafungwa. Kuchelewa huku tusikubatize jina la uvumilivu.

Na kwa wakulima wa viazi, lumbesa (gunia la kujazwa kupita kipimo) ni hivyo hivyo. Gunia kisheria mwisho kilo 100. Mithali 11:1 inaita mizani ya hadaa chukizo, haisemi aliyepunjwa atabasamu. Pimeni kwa mzani, uzeni kwa kilo, na mkikutana na mbishi, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo.

#7 DadaWaMajaniMabichi

Hapo tumeelewana, ndugu katekista. Ndaga fijo (asante sana).

#8 MhasibuWaHisa

Niongeze kitu kimoja ambacho makanisani hakitajwi: kutoridhika kuna bei, na inalipwa kwa riba. Chukueni mfano huu wa mikopo ya kausha damu. Umepewa 200,000, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 260,000. Elfu sitini ndani ya siku 26, na siku ya kwanza unaanza kulipa kwa fedha ile ile uliyokopa. Mara nyingi kinachonunuliwa ni sare ya harusi, simu, au sofa kabla ya mgeni hajafika.

Kabla ya kukopa jiulize maswali matatu, kwa maandishi. Hiki ninachokitaka, wiki iliyopita nilikuwa nakitaka? Nimekiona kwa nani? Kisipopatikana hadi mwezi ujao kitaharibika nini, kwa jina? Swali la pili ndilo linalouma. Likijibiwa kwa jina la mtu, hilo tatizo ni la amri ya kumi, usitamani, na mkopo hautalitibu.

VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, nazo zina mtego wake, nazipenda lakini nasema. Mwisho wa mzunguko, siku ya kuvunja, hisa za kila mmoja zinasomwa kwa sauti. Waliotoka pale na faida ya haki wanarudi nyumbani na huzuni kwa kuwa mwenzao kapata mara tatu. Vikundi vinavyofanya vizuri huwapa wanachama hesabu binafsi kwenye karatasi, na jumla ya kikundi tu ndiyo inayosomwa. Mnada wa sikukuu ya mavuno kanisani unahitaji busara ile ile: debe la mjane lisitangazwe baada ya magunia ya mwenye trekta. (Najua kwaya zinapenda shangwe za mnada. Zipunguzwe kidogo hazitakufa.)

Zaburi 73 ndiyo dawa ya ugonjwa huu. Asafu anakiri aliwaonea wivu, anataja mpaka miili yao iliyonenepa. Mgeuko ni mstari wa 17, alipoingia patakatifu. Kabla ya hapo alijaribu kuwaza peke yake, akaona taabu.

#9 BajajiMwanjelwa

Hilo la kuwaza peke yake ndilo la stetasi za WhatsApp saa sita usiku. 😅

#10 MhasibuWaHisa

Kabisa. Zinyamazishe stetasi za watu watano wanaokuuma zaidi, siku 40 hivi. Haina haja ya kuwafuta, na hao watu hawana kosa lolote. Ila uwaombee kwa majina siku hizo, la sivyo wivu unakaa pale pale ukingoja.

#11 Tosamaganga_Msomaji

Nyongeza kwa daftari la mwalimu, toka upande wa Kikatoliki. Lile zoezi la Mtakatifu Inyasi wa Loyola la kupitia siku huanza na kushukuru, kisha kuomba mwanga, kupitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kupanga kesho. Dakika 15 zinatosha. Mpangilio una maana: ukianza na makosa kabla ya shukrani, utalala na orodha ya madeni. Makosa ya kawaida ni kuruka kupitia saa kwa saa na kuishia kusema "siku ilikuwa mbaya". Siku haiwi mbaya yote. Tafuta saa ilipoharibika, mara nyingi utakuta ni moja.

#12 MzeeWaGhala

Sisi Walutheri tunayo orodha tayari. Katekisimo Ndogo ya Luther ya 1529, maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana. Anauliza mkate wa kila siku ni nini, halafu anajibu: chakula, kinywaji, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mcha Mungu, watoto, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, rafiki wa kweli, majirani waaminifu. Aliyekwama kwenye daftari baada ya wiki mbili achukue hiyo, kitu kimoja kila siku. Watu wa Kipaimara wameikariri yote na hawajaitumia siku moja.

Na Wamoravian wa Rungwe msijifiche, yale maneno ya kila siku yaliyoanza Herrnhut, Ujerumani, 1728 ni kwa kazi hiyo hiyo: mstari mmoja unaubeba shambani kutwa.

#13 Mfariji_Makete

Nimesoma kimya. Yote mazuri kwa aliyepungukiwa fedha. Aliyezika je? Makete na Njombe tumezika sana miaka ya ukimwi na nyumba za wajukuu na bibi bado zipo. Usimpelekee mfiwa daftari la shukrani wiki ya kwanza. Itamchoma.

Biblia ina chombo kingine, zaburi za kilio. Zaburi 13 ni mistari sita. Miwili ya kwanza ni kulia, "hata lini" mara nne. Miwili ya kati ni kuomba, miwili ya mwisho ni kutumaini. Mfiwa aisome kwa sauti na asilazimishwe kufika mstari wa 5 siku hiyo hiyo. Wengine hubaki kwenye "hata lini" miezi, na ipo Zaburi 88 inayoishia gizani kabisa, bado ni maombi. Kulia mbele za Mungu kuko mbali na yale ya Hesabu 11. Wale walikuwa wanamlalamikia Musa huku wamepindisha kumbukumbu: wanasema walikula samaki Misri "bure". Bure! Watu waliokuwa wakifyatua matofali chini ya kiboko. Ukitaka kujua kama chako ni kilio au manung'uniko, angalia kama jana yako imeanza kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa.

Tena wazee wa kanisa, tafadhali. Mtu asipolala, asipokula, asipofurahia chochote siku nyingi mfululizo, wiki mbili au zaidi, mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Akitaja kufa, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Sonona ni ugonjwa. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe, na Mungu hakumpa hotuba ya kuridhika. Alimpa usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na maji, halafu usingizi tena na chakula tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu.

#14 MwalimuWaJioni

Mama Makete, nimekubali. Hatua ya pili niliiandika kana kwamba ni ya kila mtu kila wakati. Isomeke: mfiwa aanze na Zaburi 13.

Nilisema nitarudi kwenye kutoa. Paulo alijifunza kushiba pia, na upande huo tunaufeli zaidi, hasa tangu parachichi liingize fedha ya mkupuo Njombe na Rungwe. Fedha ya mwaka inafika wiki moja, na namba ya "kiasi" inahamishwa usiku ule ule. Jana nyumba ya bati ilitosha, leo ni aibu. Kanuni ninayoiona inafaa: ukishaweka namba, usiibadilishe hadi miezi 12 ipite, na kuibadilisha kufanywe wakati wa njaa, Februari, siyo Julai. Ziada igawe siku inapofika. Sehemu iende kanisani, sehemu iwe ya mtu mmoja unayemjua jina na upungufu wake, sehemu iwe akiba. 2 Wakorintho 9:8 ina neno lile lile la kutosheka, kwa Kiswahili limeandikwa "riziki": mnakuwa nayo mpate kuzidi katika kila tendo jema.

Na anayeambiwa "panda mbegu", yaani aitoe ada ya watoto sadaka ili apate mara mia, arudi kwenye hesabu ya hatua ya kwanza. Ada iko ndani ya namba. Siyo ziada.

#15 KijanaWaMafinga

Shikamoo mwalimu. Tumepanga chumba wawili, hatuna ghala wala shamba, tunafanya kazi ya mbao kwa siku. Namba inawekwaje kwa kipato cha siku?

#16 MhasibuWaHisa

Nijibu mimi, ni hesabu. Andikeni mapato ya siku 30, na siku za kukosa kazi ziandikwe sifuri, msiziruke. Gawanyeni kwa 30. Hiyo ndiyo siku yenu ya kweli. Mfano kazi ni siku 18 kwa 12,000: jumla 216,000, siku ya kweli ni 7,200. Siku ya kazi kila mmoja anatenga 4,800 kwenye kopo au simu kabla hajapita dukani, siku ya sifuri anachukua 7,200 humo. Kodi na chakula vipangwe ndani ya 7,200 hiyo. Kosa la kawaida ni kuishi 12,000 siku ya kazi na kukopa siku ya mvua, halafu mtu anasema Mungu amemwacha wakati kopo ndilo halikuwepo.

#17 KijanaWaMafinga

Marahaba nyingi kwenu wote, samahani, shikamooni nyingi 😂 Tunaanza Jumatatu, mwenzangu ametafuta kopo la Kimbo.